Mfuko wa Kushoto

Siku ya tatu tangu mama alazwe Ligula
uji wangu ulishika chini, chai ikanuka moshi,
na Fadina, miaka minne na ushee,
akaweka kijiko kama hakimu anavyoweka kalamu:
"Baba, twende tukale mjini."

Mjini ni hapa hapa tunapokaa. Nikavaa shati.

Nilianza na pazuri, kule Shangani,
mlango wa kioo, feni tatu, vitambaa mezani.
Kiti kilimmeza. Kidevu kikabaki juu ya meza
kama embe lililosahauliwa na wageni.
Akapewa orodha ya vyakula, akaisoma juu chini,
kisha akauliza kwa sauti ya muadhini:
"Nyie mna paka?"
Hawakuwa na paka.
Tukanywa soda moja, mirija miwili,
nikalipa bei ya kilo ya sukari, tukatoka.

Kumbe mji huu una ramani nyingine.
Manispaa hawanayo. Anayo mtu
anayenifika kiunoni.

Nyuma ya ghala la korosho, kwa Bi Somoe,
mtoto hukalishwa juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
meno yake yamezungushiwa kitambaa,
na miguu inafika chini. Inafika!
Vitumbua vinatoka vikilia mafuta.
"Changu. Chako. Na hiki cha mama,"
akakichomeka mfuko wangu wa kushoto.
Mafuta yakapenya suruali, yakanigusa paja.

Karibu na stendi, kwa Chilumba wa mihogo,
yeye alipendea moshi:
eti ni nywele za bibi wa Newala zinapepea.
Pilipili kwangu, chumvi kwake,
nusu ya muhogo mfukoni.

Kwa kijana wa pweza hatukununua.
Fadina alihesabu miguu, akafika sita, akarudia,
akapata kumi na moja, akasema
hali mnyama asiyejulikana idadi.
Kijana alicheka mpaka akatuongezea
kikombe cha supu, bure.
Supu haiingii mfukoni.
Fadina alilifikiria jambo hilo njia nzima.

Magomeni, binti na sinia la ming'oko
iliyochemshwa, ingali na harufu ya msitu.
Nikamfundisha nilivyofundishwa:
menya hapa, tafuna, utamu ukiisha tema nyuzi.
Akatema juu ya kiatu changu, kwa makini kabisa.
Hapakuwa na benchi, wala kivuli cha maana,
tumechuchumaa mbele ya duka la vipuri,
fundi anapiga rimu nyundo,
na hapo ndipo aliposema, mdomo umejaa:
"Hii sasa ndiyo hoteli."

Saa kumi, mlango wa wodi. Mlinzi akanyoosha kidole:
"Umeficha nini humo?"
Mkono mtupu haulambwi, walisema wakubwa;
wangu ungelambwa hadi kiwikoni.
Nikatoa: kitumbua kimekuwa chapati,
muhogo umevunjika mara tatu,
ming'oko minne, funguo, na vumbi la mfuko.
Akatazama. Akamtazama Fadina.
"Piteni, piteni."

Mama alikuwa ameketi upande upande,
mtoto mchanga kalala kama ngumi iliyofumbwa.
Fadina akavipanga juu ya shuka la serikali,
kila kimoja na jina la aliyekipika,
na supu pia akaipanga, pale pasipo na kitu:
"Hii usiikanyage, ya moto."
Mama akaipuliza. Akanywa.
Akaanza kucheka, akashika tumbo,
"Jamani, mshono, msinichekeshe,"
na mimi nikageukia dirishani, nikajifanya
natafuta kitu kwenye mfuko wa kulia.

Nilipogeuka, Fadina alikuwa amemwinamia mdogo wake,
ananong'ona kama anakabidhi kazi:
"Ukiota meno nitakupeleka mahali.
Kuna mbuzi. Usiogope,
kafungwa mdomo."